Riwaya za mapenzi ya jinsia moja: Msomaji wa Gusii azipime kwa mizani ipi?

NI nadra kupata kitabu kinachohukumiwa upesi nchini Kenya kuliko riwaya ya mahaba baina ya watu wa jinsia moja. Wengi huitupa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Wachache huisifu, nao pia kabla ya kufika ukurasa wa mwisho. Pande hizi mbili hubishana kwa ukali, ilhali zina jambo moja linaloziunganisha: hazijaisoma.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira suala hili lina sura yake mahususi. Maduka ya vitabu, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi hii, huishi kwa vitabu vya kiada na Biblia, na haitarajiwi kwamba mwenye duka ataipanga riwaya ya aina hiyo dirishani. Lakini simu ya mkononi imeivunja kaunta ya duka. Kijana aliyeketi chini ya mgomba kule Borabu anaweza kununua na kusoma riwaya iliyotoka New York wiki iliyopita, na hakuna jirani atakayejua ni ukurasa gani unaomfanya atabasamu. Usomaji huo upo. Ambacho hakipo ni mazungumzo ya kuusindikiza, na kitabu kisichozungumzwa hakipimwi. Huaminiwa chote au hukataliwa chote.

Kwanza, sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, urithi wa enzi ya ukoloni wa Uingereza, vinaadhibu vitendo, na cha kwanza kinafikisha kifungo cha miaka 14. Mnamo Mei 24, 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvifuta. Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliamua kuwa ilikuwa makosa kuinyima usajili jumuiya ya kutetea haki za watu wa kundi hili. Hukumu zote mbili hazihusu riwaya. Kumsoma mhusika anayempenda mwenzake wa jinsia moja si kosa, kama vile kusoma kisa cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kilichotoka 1984, hakujamfanya yeyote kuwa mwizi wa benki. (Mfano huu una kasoro, kwa kuwa mapenzi si wizi, lakini unatosha kwa hoja ya usomaji.) Hali ni tofauti nchini Uganda, ambako sheria iliyotiwa saini Mei 2023 inaadhibu kile inachokiita uendelezaji wa ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20, na mchapishaji wa Kampala ana sababu ya kuogopa ambayo mwenzake wa Nairobi hana.

Kinachomzuia msomaji wa Gusii si polisi. Ni nyumbani na ni kanisani.

Gusii ni miongoni mwa ngome kuu za Waadventista wa Sabato nchini, pamoja na Wakatoliki, na makanisa yote mawili yalitia mizizi huko mwanzoni mwa karne ya 20. Wanaosahau historia hudhani kwamba Mwadventista huikataa riwaya ya mapenzi ya jinsia moja kwa sababu ya wahusika wake pekee. Ellen White, mwanamke ambaye maandishi yake yanaheshimiwa mno na kanisa hilo, aliwaonya vijana mara nyingi dhidi ya kusoma riwaya kwa jumla, akiziona kuwa ulevi wa akili. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Nyamira, kizazi kizima kilikua kikisoma hadithi kwa kujificha, hata zile za mvulana na msichana wanaoishia madhabahuni. Anayekaa kuipima riwaya ya wanaume wawili wapendanao katika mazingira haya anapaswa kukumbuka kwamba kuna mashtaka mawili mezani, nayo husomwa kama moja: shtaka dhidi ya mapenzi hayo, na shtaka dhidi ya hadithi za mapenzi.

Nyumbani kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni chinsoni. Neno hili la Ekegusii lina ndugu katika Kiswahili, soni, lakini maana yake ni pana kuliko aibu ya mtu mmoja. Ni utaratibu wa staha kati ya kizazi na kizazi kinachokifuata. Baba na mwanawe wa kiume, mama mkwe na mkwewe, hawazungumzi mambo ya chumbani, hawataniani juu yake, wala hawakai pamoja pale yanapotajwa. Wageni waliodhani kwamba Abagusii hawazungumzii mahaba kabisa walikosea, kwani utaratibu huohuo unamruhusu mjukuu kutaniana na babu au nyanya kwa uhuru ambao mzazi angeusikia angeondoka. Chinsoni haiulizi tu ni jambo gani linalosemwa. Inauliza linasemwa mbele ya nani.

Hapa msomaji wa Gusii ana chombo cha uhakiki ambacho msomaji wa London hana. Sehemu ya riwaya yenye kitanda haiwi mbaya kwa sababu ina kitanda. Anayeipima auulize mwandishi: je, alijua anamsimulia nani? Kuna waandishi wanaoandika tukio la chumbani kana kwamba ukoo wote umeitwa kushuhudia, kila kiungo kikitajwa kwa jina, na msomaji hajapata kujua lolote jipya kuhusu nafsi za wapenzi hao. Kuna wengine ambao mkono mmoja juu ya kikombe cha chai hutosha. Utupu wa kwanza ni udhaifu wa kisanaa, na ungekuwa udhaifu huohuo kama wapenzi wangekuwa mume na mke waliofunga pingu za maisha kanisani.

Mashariki ya Afrika ina kumbukumbu ya kutosha kuhusu hukumu za haraka. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda kwa sababu ya maswala ya ngono, kisha ikaja kuhesabiwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kiswahili. Vitabu vya David Maillu vya miaka ya sabini, ambavyo Wakenya walivinunua kama njugu, vilizuiwa Tanzania mwaka 1976, na wahakiki wa vyuo vikuu wakavidharau. Leo vinachambuliwa katika vyuo hivyohivyo. Hilo halithibitishi kwamba kila kitabu kinachokatazwa ni kizuri. Vingi ni takataka na vitabaki takataka. Linathibitisha tu kwamba marufuku haijui kupima.

Ili kupima, ni sharti kwanza kujua kinachopimwa. Riwaya ya mahaba ni utanzu wenye kanuni zake. Waandishi wa Marekani wa utanzu huu wamekuwa wakiutambua kwa nguzo mbili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho uti wa mgongo wa kitabu, na mwisho uwe wa matumaini unaoridhisha moyo. Msomaji anayelalamika kwamba alijua tangu mwanzo kuwa wapenzi wataungana ni sawa na mgeni wa arusi anayelalamika kwamba alijua bibi arusi atatokea. Swali si kama wataungana. Swali ni kama njia waliyopita iliwastahilisha.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, mwisho huo wa heri una historia nzito. Mwingereza E.M. Forster aliandika Maurice kati ya 1913 na 1914, kisa cha mwanamume wa tabaka la kati na mfanyakazi wa shamba la tajiri, akaamua kwa makusudi kwamba wawili hao wasife wala wasitengane. Kwa sababu ya uamuzi huo hakukichapisha maisha yake yote. Kilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Laiti angewaua wahusika wake au kuwatubisha, huenda kingepata nafasi mapema zaidi, kwa kuwa jamii nyingi huvumilia simulizi ya aina hii mradi imalizikie kaburini.

Wakenya waliyaona hayohayo miaka mia moja baadaye. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku. Kahiu alieleza hadharani kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Septemba mwaka huo, Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku hayo kwa siku saba, na watu wakapiga foleni kuitazama. Kilichowakera wakaguzi, basi, hakikuwa mapenzi peke yake. Ilikuwa furaha.

Filamu hiyo ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Anayetaka kujifunza kuhakiki na aziweke hizo mbili pamoja. Hadithi ni barua ya Anyango kwa Sanyu, ambaye amekwisha kupelekwa ng'ambo baada ya wawili hao kufumaniwa, na katikati yake amesimama jirani Mama Atim, mwanamke ambaye kazi yake duniani ni kujua ya wengine. Kwa kanuni za utanzu, hii si hadithi ya mahaba, ni maombolezo. Ubora wake uko katika jirani huyo. Mwandishi hakuhitaji polisi wala mchungaji ili kuonyesha hatari. Alihitaji dirisha lenye pazia lililofunuliwa kidogo. Msomaji wa Keroka au Ogembo atamtambua Mama Atim pasipo kuelezwa.

Hapo ndipo penye jaribio gumu kuliko yote: je, kizuizi kinachowatenga wapenzi ni cha kweli mahali hapo? Chukua Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, iliyouzwa sana tangu ilipotoka 2019. Mwana wa rais wa Marekani anampenda mjukuu wa malkia wa Uingereza. Kitabu kinachekesha, mazungumzo yake ni mepesi kama mpira wa vijana, na tatizo lake kuu ni magazeti na kura. Kwa msomaji wa Kisii ni ngano, na ngano nzuri si dhambi. Ila asije akadhani kwamba kizuizi cha Ikulu ya Washington ndicho kizuizi cha Nyamache.

Gusii ina vizuizi vyake, navyo ni dhahiri kwa yeyote aliyepita huko. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira. Katika kaunti ya Kisii, kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900, na wengi wao wanaishi mashambani, si katika magorofa. Kipande cha ardhi kimegawanywa hadi ua wa mtu mmoja umekuwa njia ya mwingine kwenda mtoni. Wapenzi wa riwaya itakayowekwa hapa watakutana wapi? Mwandishi akiwapa msitu wenye upweke, hajui anakoandikia. Pana migomba, majani chai na mtu kila upande. Kijana wa kiume ana esaiga, nyumba ya kapera katika boma la babake, lakini mlango wa nyumba hiyo unatazamwa. Halafu kuna ardhi yenyewe. Mwana wa kiume hurithi akitarajiwa kuoa, kujenga na kuendeleza jina, na asiyeoa huulizwa swali hilo kila Desemba, familia zinapokusanyika na wavulana wanapotiwa jandoni. Riwaya itakayomfanya mhusika achague kati ya mpenzi na robo ekari ya babake itakuwa na mzozo wenye uzito kuliko hotuba kumi kuhusu haki. Mwandishi atakayeyajua haya hatahitaji kumleta mhubiri mwenye hasira, mhusika aliyekwisha kuchosha wasomaji wa bara zima.

Kuna mtego mmoja ambao wahakiki wa pande zote huunasia mguu. Mila za Abagusii, kama za majirani zao Wakuria na za Wanandi, zilimruhusu mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume kulipa mahari na kumleta mwanamke mwingine bomani, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii, ya Wanandi, katika kesi ya urithi mwaka 2011. Watetezi wa riwaya hizi hupenda kuitaja kama ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikuwa mila. Hoja hiyo haisimami. Ndoa hiyo ilihusu ukoo, ng'ombe na ardhi. Mke aliyeoolewa alizaa na mwanamume. Wapinzani nao hudai kwamba Mwafrika hakuwahi kuiwazia ndoa nje ya mume mmoja na mke wake, na mila hiyohiyo inawaumbua. Mwandishi wa riwaya anaweza kuitumia kama mandhari, hata kama kejeli, lakini akiigeuza kuwa kisa cha mahaba bila kueleza alikotoa mahaba hayo, msomaji mzee atafunga kitabu, na atakuwa na haki.

Baadhi ya vitabu vya bara hili huingizwa katika utanzu huu visivyostahili, kisha vikalaumiwa kwa kutoutimiza. The Hairdresser of Harare ya Mzimbabwe Tendai Huchu, iliyotoka 2010, husimuliwa na Vimbai, msusi anayempenda mwenzake wa saluni, Dumisani, bila kung'amua kile ambacho msomaji amekwisha kukiona. Ni tashtiti ya jiji na siasa zake, na ni nzuri kwa hilo. Mwanamume huyo tunamwona kutoka nje tu, kwa macho ya mwanamke aliyeumizwa. Atakaye kuona kutoka ndani na amsome Msomali Diriye Osman, ambaye mkusanyiko wake wa hadithi, Fairytales for Lost Children, wa 2013, unawachukua wahusika wake kati ya Nairobi na London na kuwapa lugha yenye mapambo mengi, wakati mwingine mengi kuliko hadithi inavyoweza kubeba.

Mkosoaji asiyekubaliana na mapenzi haya kidini hana haja ya kujitoa katika uhakiki. Anaweza kusema wazi kwamba imani yake inayakataa, kisha akaeleza kama mhusika ana nafsi, kama mazungumzo yanasikika, kama mgogoro unatatuliwa kwa tendo au kwa bahati. Asichoweza kufanya ni kuvaa joho la sanaa ili kuficha joho la kasisi. Upande wa pili nao una wadanganyifu wake. Kitabu husifiwa kuwa cha kijasiri, na sifa hiyo ikatumika kufunika wahusika wa karatasi na mapenzi yanayoanza kwa mtazamo mmoja kwenye matatu. Ujasiri wa kuchapisha ni wa mtu, si wa sentensi. Wala mapenzi kati ya mfadhili mwenye gari na mwanafunzi asiye na karo hayawi matamu kwa sababu wote wawili ni wanaume. Jicho linaloona unyonyaji pale penye msichana na lilione na hapa.

Kiswahili chenyewe kinampa mhakiki kazi na neema. Kazi iko katika majina. Shoga, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa na bado ni neno la mwanamke kumwita rafiki yake wa kike, limebebeshwa maana nyingine hadi katika vichwa vya habari, na maneno mengine ya mitaani ni matusi tupu. Anayeandika uhakiki kwa maneno hayo amekwisha kutoa hukumu kabla ya hoja. Neema iko katika sarufi. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kusema kama mpendwa ni wa kike au wa kiume kila anapomtaja kwa kiwakilishi. Kiswahili husema "anampenda", na Ekegusii nacho hakitenganishi, hivyo mwandishi mjuzi anaweza kumtembeza msomaji sura nzima akimpenda mhusika kabla hajajua jinsia yake. Mtafsiri wa riwaya hizi akiongeza "mwanamume" na "mvulana" kila mstari ili kufuata Kiingereza, ameitupa nafasi ambayo lugha ilimpa bure.

Hata lile dai la mwisho wa heri hubadilika likisomwa kutoka hapa. Wakenya wengi wamekutana na watu hawa katika taarifa za vifo, kama ile ya Edwin Chiloba, mwanamitindo ambaye mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret Januari 2023. Ukurasa ambapo wanaume wawili wanazeeka pamoja wakigombania nani achemshe maji huonekana kuwa utoto kwa mhakiki wa ng'ambo aliyekwisha kuvisoma vingi. Kwa msomaji wa Nyamira huenda ndio wa kwanza.

Maandishi mashuhuri zaidi ya Mkenya juu ya suala hili si riwaya. Januari 2014, Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alichapisha makala aliyoiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake za 2011, One Day I Will Write About This Place. Mamake alikuwa amefariki mwaka 2000. Ndani ya makala hiyo anajiwazia akifika kitandani pake kabla ya kifo na kumwambia yeye ni nani. Wahakiki wa dunia waliandika kuhusu siasa za tamko hilo, na walikuwa na haki, maana lilitoka mwezi uleule ambao Nigeria ilipitisha sheria kali. Aliyelelewa katika chinsoni husoma jambo lingine kwanza: kwamba mwana amechagua kulisema neno hilo mbele ya mzazi, mtu yuleyule ambaye utaratibu ungemkataza amwambie, na kwamba aliweza kumwambia tu akiwa hayupo.